Ndege niliyotaka kuinunua ilipungua nguvu hewani siku ya joto: je, inaweza kuwa barafu?

Mwanagenzi wa Anga aliuliza:

Ndugu marubani na mafundi, nawasalimu kwa heshima. Nina leseni ya rubani binafsi na saa 140 za kuruka, na hadi sasa nimekuwa nikikodi ndege za chuo. Mimi na mwenzangu mmoja tumepata ndege ya viti vinne, yenye mabawa juu na magurudumu yasiyokunjwa, iliyoundwa katikati ya miaka ya 1970. Injini yake ina silinda nne na inatumia kabureta. Mwenyewe ni mzee aliyeacha kuruka kwa sababu za afya, na ndege imekaa ndani ya hanga kwa miezi 14, ingawa anasema kila baada ya wiki mbili amekuwa akiiwasha kwa dakika 10 ili injini isilale. Injini ina saa 870 tu tangu ilipofunguliwa na kukarabatiwa yote, miaka 22 iliyopita. Ukaguzi wa mwaka ulitiwa saini mwezi uliopita.

Wiki iliyopita tuliirusha kwa majaribio, mimi nikiwa kiti cha kushoto na rubani mzoefu akiwa kulia. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, halijoto uwanjani ilikuwa nyuzi 24 za Selsiasi na halijoto ya umande, yaani ile ambayo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone, ilikuwa nyuzi 21. Kabla ya kuruka nilivuta kishikizo cha joto la kabureta kama nilivyofundishwa. Mizunguko ya injini haikushuka hata kidogo, nami nikafurahi nikidhani kwamba hiyo ni alama ya injini imara. Baada ya dakika 20 hivi, bila mimi kugusa chochote, mizunguko ilishuka polepole kutoka 2,300 hadi 2,150 kwa dakika. Nilisukuma wenzo wa nguvu, ikapanda, kisha ikaanza kushuka tena. Tulipopunguza nguvu ili tuteremke, injini ilianza kutetemeka. Nikavuta joto la kabureta lote na hakuna kilichobadilika. Tulitua salama, tukaizima, na tulipoiwasha tena baada ya robo saa ilinguruma vizuri kana kwamba hakuna lililotokea.

Muuzaji anasema ni mafuta machafu. Mimi nahisi ni barafu, lakini je, barafu katika nyuzi 24? Jambo la pili ni kwamba safari ya kuileta ndege nyumbani inapita juu ya milima, kwenye kimo cha futi 11,000, na mawingu huko hayakosekani. Mwenzangu ana idhini ya kuruka kwa vifaa, yaani kwa kufuata vipimo bila kuona nje, na anasema tunaweza kukatiza wingu jembamba kwa dakika chache maadamu mrija wa pito, ule unaopokea hewa ya kupimia mwendo, una kipasha joto. Je, hilo linatosha? Naomba pia mnieleze kama miezi 14 ya kukaa hangani ni jambo la kuniogofya.

Mkufunzi Mstaafu alijibu:

Ndugu Mwanagenzi, dalili ulizozieleza ni za barafu ndani ya kabureta, na kuna sentensi moja katika maelezo yako iliyonitisha kuliko kutetemeka kwa injini: kwamba mizunguko haikushuka ulipovuta joto. Hewa moto ni nyepesi kuliko hewa baridi, kwa hiyo inapoingia kwenye kabureta mchanganyiko huzidiwa na petroli na injini hupoteza nguvu kidogo. Katika jaribio la kabla ya kuruka mizunguko hupaswa kushuka, kwa injini nyingi kama 100 hivi, ikipungua au kuzidi kulingana na aina. Isiposhuka kabisa, maana yake ni moja tu: hewa moto haifiki. Uliondoka ardhini bila silaha pekee uliyonayo dhidi ya barafu hiyo, na ulipoihitaji haikuwepo.

Kuhusu nyuzi 24, usishangae. Hewa inayoingia kwenye kabureta hupita kwenye koo jembamba, huongeza kasi, shinikizo lake hushuka na halijoto hushuka pamoja nalo. Papo hapo petroli inageuka mvuke, na ili igeuke mvuke lazima inyonye joto kutoka kwenye hewa hiyohiyo. Kwa jumla hewa inaweza kupoa kwa zaidi ya nyuzi 30. Ukitoa 30 katika 24 unapata sita chini ya sifuri, na unyevu wote uliomo humo unaganda kwenye kuta za koo na kwenye kilango cha hewa kinachofunguliwa na wenzo wa nguvu. Halijoto ya 24 na umande wa 21 ni unyevu wa zaidi ya asilimia 80. Barafu hii huja zaidi halijoto ikiwa chini ya nyuzi 21 na hewa ikiwa na unyevu mwingi, lakini inaweza kutokea hata kwenye nyuzi 38. Anga haihitaji kuwa na wingu hata moja. Marubani wengi wa nchi za joto huiona kama tatizo la watu wa theluji, na kosa hilo nimelisahihisha darasani mara nyingi kuliko kosa lingine lolote.

Hali ilizidi mlipopunguza nguvu kwa sababu kilango kinapokaribia kufungwa, mwanya unaobaki ni mdogo na barafu kidogo tu huuziba. Na injini ilipona ardhini kwa sababu joto lake lilipanda baada ya kuzimwa na likayeyusha barafu yote, bila kuacha ushahidi. Maji ndani ya mafuta hayana tabia hiyo: hukohoza injini ghafla, na hayatoweki kwa kungoja robo saa. Kama mlitoa sampuli chini ya matangi kabla ya kuruka na ikawa safi, basi kauli ya muuzaji haina mashiko.

Siku mfumo utakapokuwa mzima, kumbuka mambo haya. Ukiona mizunguko inashuka bila sababu, vuta joto lote. Mizunguko itashuka zaidi, na injini huenda ikatetemeka vibaya huku barafu iliyoyeyuka ikipita kama maji kwenye silinda. Hapo ndipo wengi hushtuka wakarudisha kishikizo, na ndipo hawapaswi kukirudisha. Subiri, itapanda. Usivute nusu kama huna kipimo cha halijoto ya kabureta, kwa sababu joto pungufu linaweza kuitoa hewa kwenye ubaridi mkali ambao unyevu wake tayari ni chembe kavu za barafu zinazopita tu, na kuiweka kwenye kiwango kile hasa ambacho barafu hunata. Katika kuteremka, vuta kabla ya kupunguza nguvu, injini ingali na joto la kutoa. Ardhini usiiache hewa moto imefunguliwa, maana hewa hiyo haipiti kwenye filta na vumbi litaingia kwenye silinda moja kwa moja. Na ukipanda ndege nyingine ambayo badala ya mizunguko wewe hutazama shinikizo la hewa ya kuingia injini, kwa sababu propela yake hujirekebisha yenyewe, dalili utaiona kwenye kipimo hicho na si kwenye mizunguko.

Fundi wa Injini alijibu:

Nakubaliana na mkufunzi. Hewa moto ya kabureta hutoka kwenye bati linalozunguka ekzosi, hupita kwenye bomba laini la kukunjika hadi kwenye kisanduku cha hewa, na humo kuna kilango kinachovutwa na waya kutoka kwenye kishikizo. Fungueni mfuniko wa injini na mfuate njia hiyo yote kwa mkono na kwa macho. Bomba huchanika upande wa chini ambako hauonekani, waya huteleza kwenye kibanio chake, na kilango hulegea kwenye mhimili. Rubani aliye ndani huhisi kishikizo kikisogea kama kawaida ilhali huko mbele hakuna kinachofunguka. Mkiwa hapo, ondoeni bati lenyewe na mtazame ekzosi chini yake, kwa kuwa katika ndege nyingi bati hilo au jirani yake ndilo pia linalopasha hewa ya kabini. Ufa hapo huingiza gesi ya kaboni monoksaidi kwa abiria, na gesi hiyo haina harufu wala rangi.

Sasa niseme kuhusu miezi 14, kwa sababu naona hapo ndipo muuzaji, pengine kwa nia njema kabisa, ameiumiza ndege yake. Kuwasha injini dakika 10 na kuizima ni kubaya kuliko kuiacha. Kila petroli inapoungua hutoa maji, na sehemu yake hupenya hadi kwenye oili pamoja na tindikali. Injini inayoruka kwa nusu saa au zaidi, oili ikiwa na joto la kutosha, huyachemsha maji hayo na kuyafukuza. Injini inayowashwa ardhini haifiki joto hilo. Inajiongezea maji mapya kila baada ya wiki mbili. Kampuni ya Lycoming, inayounda injini nyingi za aina hii, imeandika wazi kwamba kuwasha ardhini si mbadala wa kuruka, na injini itakayokaa zaidi ya siku 30 inapaswa kuhifadhiwa kwa utaratibu maalumu. Katika injini za kampuni hiyo kamshafti, mhimili unaofungua vali, iko juu ya krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni. Ndege ikikaa, utando wa oili huteremka wote, chuma cha kamshafti hubaki uchi juu ya bwawa la oili yenye maji, na kutu huanza kukitoboa vitobo vidogo vidogo. Siku injini ikianza kufanya kazi, vitobo hivyo huwa kama tupa inayosaga kila kinachogusana navyo.

Saa 870 katika miaka 22 ni takribani saa 40 kwa mwaka. Watu huona namba ndogo wakadhani injini ni changa. Lycoming huweka kikomo cha saa kabla ya injini kufunguliwa yote, ambacho kwa injini nyingi za aina hii ni saa 2,000, lakini huweka pia kikomo cha miaka 12, lolote litakalotangulia. Kwa mmiliki binafsi kikomo hicho si lazima kisheria kila mahali, ila kinakueleza kwamba aliyeitengeneza injini hahesabu saa peke yake. Mpira hukauka, gasketi huwa ngumu, na kutu haina saa ya mapumziko. Mimi ningenunua kwa furaha injini yenye saa 1,600 inayoruka kila wiki kuliko hii.

Ukaguzi wa mwaka uliotiwa saini usiwatulize, hasa kama haukuona hitilafu ya joto la kabureta. Tafuteni fundi ambaye hajawahi kuihudumia ndege hii na mmwombe afanye ukaguzi wa mnunuzi. Aitoe filta ya oili, aikate na kuikunjua karatasi yake juani, kisha apitishe sumaku. Aingize kamera ndogo kupitia matundu ya plagi atazame kuta za silinda na vali za kutolea moshi. Apime kila silinda inavyoshikilia hewa ya shinikizo la psi 80, na asikilize inavujia wapi: ikivumia kwenye ekzosi ni vali, ikivumia kwenye mdomo wa oili ni ringi. Iwapo sumaku itaokota chembe za chuma, kamshafti isiachwe kubahatishwa. Silinda moja itolewe ili ionekane kwa macho. Waulizeni pia magneto, zile zinazotoa umeme wa cheche za plagi, zilifunguliwa lini, maana zile za kawaida hutakiwa kufunguliwa kila baada ya saa 500, na mabomba ya mafuta na ya oili yana umri gani. Kisha msome vitabu vya kumbukumbu vya ndege kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, mkilinganisha kila agizo la lazima la usalama na tarehe lilipotekelezwa. Ni kazi ya siku nzima na inachosha, nami bado huifanya kwa kila ndege.

Mmiliki Mwenza alijibu:

Wenzangu wamemaliza ya injini. Mimi nitasema kuhusu wingu jembamba, kwa kuwa niliwahi kuliingia.

Nilikuwa futi 9,000 katika ndege isiyo na kinga ya barafu, kipimo cha nje kikionyesha nyuzi nne chini ya sifuri, na wingu mbele yangu lilikuwa jembamba kiasi kwamba jua lilionekana kupitia humo. Matone ya maji ndani ya wingu yanaweza kubaki majimaji hata yakiwa chini ya sifuri, yakingoja kitu cha kugandia, na kitu hicho nilikuwa mimi. Barafu ilionekana kwanza kwenye ncha ya kipimajoto na kwenye mhimili wa bawa, kwa sababu vitu vyembamba hukamata matone kuliko vinene. Mkia ni mwembamba kuliko bawa, kwa hiyo nilijua kwamba ninachokiona mbele kipo kingi zaidi nyuma nisikoona. Katika dakika nne mwendo ulipungua kwa sehemu moja ya kumi bila mimi kugusa kitu. Niligeuka nyuzi 180 kurudi kwenye hewa kavu niliyotoka. Charles Lindbergh alifanya vivyo hivyo Mei 1927 juu ya Atlantiki: alimulika tochi nje, akaona barafu, akatoka winguni. Karibu karne imepita na kwa ndege kama zetu sijaona dawa iliyo bora kuliko hiyo.

Uzito wa barafu si hoja kubwa. Hoja ni umbo. Tabaka lenye unene na ukwaruzo wa msasa mnene kwenye ukingo wa mbele na juu ya bawa linaweza kupunguza mnyanyuo kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Kwa hiyo bawa hupoteza mnyanyuo kwenye mwendo ambao kitabu cha ndege kinauita salama, na king'ora cha tahadhari kinaweza kukaa kimya, kwa sababu kilipangwa kwa bawa safi.

Kipasha joto cha mrija wa pito hulinda kipimo cha mwendo tu. Kiwasheni daima kabla ya kuingia kwenye unyevu wa baridi, lakini msikiite kinga ya ndege. Kukisahau nako kuna gharama yake. Tarehe 1 Desemba 1974, Boeing 727 ya safari namba 6231 ya Northwest ilipaa bila vipasha joto vya pito kuwashwa, mirija ikaziba kwa barafu, na kipimo kikaonyesha mwendo unaoongezeka kadiri ndege ilivyopanda. Marubani waliendelea kuinua pua kupambana na mwendo ambao haukuwepo, hadi mabawa yakapoteza mnyanyuo. Watu wote watatu waliokuwemo walifariki.

Hata ndege zenye kinga kamili zina mipaka. ATR 72 iliyoanguka Roselawn, Indiana, tarehe 31 Oktoba 1994 ikiwa na watu 68, ambao wote walikufa, ilikuwa na mipira inayofura kwa hewa ili kuvunja barafu kwenye kingo za mabawa. Manyunyu makubwa yaliyo chini ya sifuri yaliganda nyuma ya mipira hiyo, mahali isipofika. Ndege yenu haina hata mipira. Mwongozo wake na sheria za usafiri wa anga haziiruhusu kuingia makusudi kwenye hali inayojulikana kuwa ya barafu, na idhini ya kuruka kwa vifaa aliyonayo mwenzako haibadilishi bawa.

Sasa pigeni hesabu ya njia yenu. Halijoto hushuka kwa takribani nyuzi mbili kila futi 1,000. Ikiwa uwanja ulio karibu na usawa wa bahari una nyuzi 18, sifuri iko kwenye futi 9,000, na ninyi mnataka kupita 11,000. Katika mawingu tambarare maji mengi hukaa karibu na kilele cha wingu, na milima huongeza tatizo kwa kuisukuma hewa yenye unyevu juu. Kutoka kwa kupanda hakupo, kwa kuwa ndege ya namna hiyo ikiwa na watu na mafuta hupanda kwa shida kwenye futi 11,000 hata ikiwa safi. Kutoka kwa kushuka kumezibwa na milima. Kinachobaki ni kurudi nyuma, na hilo linafaa tu mkiamua katika dakika ya kwanza. Ushauri wangu ni kwamba safari hiyo ifanywe siku ambayo mtaona vilele vya milima mkiwa bado ardhini, hata kama itabidi kungoja wiki mbili.

Mkijikuta mna barafu licha ya yote, semeni na waongoza ndege mapema na bila kuona aibu. Ondoeni rubani otomatiki, kwa sababu huficha mikononi mwake mabadiliko ambayo ninyi mngeyahisi. Tueni kwa mwendo wa juu kuliko kawaida, mkiacha flapu, yaani vibamba vya nyuma ya bawa, juu au mkizishusha kidogo sana: flapu zikishuka, hewa inayofika mkiani hubadili pembe, na mkia wenye barafu unaweza kuachia ghafla, pua ikaelekea chini mkiwa karibu na ardhi.

Jambo la mwisho ni la umiliki. Andikeni katika mkataba wenu kwamba yeyote kati yenu akisema leo hatuendi, hamwendi, wala hatadaiwa sababu. Mimi na mwenzangu tulikiandika kifungu hicho kabla ya kile cha fedha.

Mwanagenzi wa Anga alirudi:

Nawashukuru nyote, nanyi mafundi na walimu wangu nawapa taarifa. Fundi tuliyemtafuta alikuta bomba la hewa moto limechanika kwenye kiungo cha kisanduku, na kibanio cha waya kimelegea hivyo kilango kilikuwa kikifunguka chini ya robo. Filta ya oili ilikuwa na chembe zinazong'aa zilizoshika sumaku. Silinda moja ilitolewa, na sehemu mbili za kamshafti zilionekana zimetobolewa na kutu. Mzee mwenye ndege alikuja kutazama mwenyewe na aliumia sana, kwa kuwa aliamini kwa moyo wote kwamba alikuwa akiitunza. Tumekubaliana kwamba injini itafunguliwa yote kabla ya malipo, na gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei. Mwenzangu amesoma majibu yenu na tumeahirisha milima hadi msimu mkavu. Swali langu la mwisho: je, tufunge kipimo cha halijoto ya kabureta wakati injini iko wazi?

Mkufunzi Mstaafu alijibu:

Kifungeni. Kitawaonyesha mnapoingia kwenye eneo la hatari kabla mizunguko haijaanza kushuka, na kitawawezesha kutumia joto pungufu kwa usahihi safarini. Hakichukui nafasi ya jaribio la kabla ya kuruka. Na siku fundi atakapokabidhi ndege, kabla mfuniko wa injini haujarudishwa, injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako, simama mbele ukitazama kilango kile huku mwenzako akivuta kishikizo ndani. Hakikisha kilango kimefunguka hadi mwisho mara tatu, kisha mbadilishane nafasi.